Majibu ya Marehemu Filipo

"Hivi Mama Perpetua, mtu anasomaje fedha miaka yote hiyo? Fedha zina nini cha kusoma zaidi ya kuzihesabu?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Mwanakheri, tukiwa tumeinama kila mtu kwenye jaruba lake la vitunguu, maji ya mfereji yametufika kwenye vifundo vya miguu. Siku hiyo nilikuwa nimepata barua kutoka kwa Thadeo kwamba serikali imemchagua kusomea shahada ya pili ya mambo ya fedha. Nilikwisha kuwasomea watu watatu kabla ya Mwanakheri.

"Wewe utajuaje," nikamwambia. "Kusoma kwenyewe umeishia juzuu ya kwanza."

"Haya. Akimaliza aje anifundishe namna ya kuzipata. Kuzihesabu najua, hazinichoshi."

Tulicheka. Nalieleza hili mwanzo ili ijulikane kwamba nilijivuna. Yaliyofuata nayaandika nikijua kwamba majivuno yale yalikuwa yangu.

Thadeo ni mtoto wa dada wa marehemu mume wangu. Mama yake alikufa akimnyonyesha, na mume wangu Filipo akamleta nyumbani akiwa amefungwa kwenye shuka. Nilimlea pamoja na Perpetua wangu, ambaye sasa ameolewa Kilosa, mtaa wa Magomeni. Filipo alikuwa mwalimu wa kanisa, mtu wa posho ndogo na jembe. Alimsomesha kijana yule kwa vitunguu na kwa kutoshona shati jipya miaka saba. Mtu yeyote wa Malolo aliyekuwa na macho aliliona shati lile.

Tena alikuwa mtu aliyeokoka. Pombe hakuigusa tangu ujana wake. Hata arusini akipewa togwa alikuwa akiinusa kwanza, na akihisi imelala siku mbili aliiweka chini taratibu, asimwaibishe aliyempa. Watu walimtania kwa hilo, na yeye alicheka nao.

Mwaka wa sabini na nne tulihamishwa kutoka kwenye mahame yetu ya mlimani tukapangwa kwa mistari huku chini, kijiji kikaandikwa cha ujamaa. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Filipo akashikwa na kifua, akafa. Thadeo alikuja kumzika. Aliingia kaburini na wanaume wengine kulipokea jeneza. Nilimwona kwa macho yangu.

Baada ya hapo wenzangu wa nyumba kumi wakanichagua balozi wa shina, kwa sababu nimefika darasa la nne na mwandiko wangu unasomeka. Kazi yenyewe ni kutoa matangazo, kupatanisha wanaogombania maji ya mfereji, na kutia saini karatasi za watu.

Sasa, mwaka wa sabini na sita, Thadeo akaja na mkoba wa ngozi. Alikuwa amebakiza jambo moja tu kumaliza shahada yake, kuandika kitabu cha utafiti. Akatueleza mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba anataka kujua kwa nini mkulima haweki akiba. Alikuwa amepiga kura akapata mashina manne, na shina langu likiwemo. Kila shina atauliza nyumba zote kumi, nyumba haiachwi, ndivyo kanuni ilivyo. Kila mkuu wa kaya atajibu maswali kurasa nne. Halafu balozi atatia saini chini ya kila fomu kuthibitisha kwamba mtu huyo ameulizwa kweli. Alisema mwalimu wake wa chuo ndiye aliyeitaka saini hiyo, maana mwaka wa nyuma mwanafunzi mmoja alileta majibu ya kutunga akafukuzwa.

"Ni vizuri," nikasema. "Huyo mwalimu ni mtu mwenye busara."

"Ni mtu wa kusumbua, mama," akajibu, na akacheka.

Alilala kwangu usiku mmoja. Asubuhi akasema mbu ni wengi, na kwamba atakaa Mikumi kwenye gesti, awe anakuja kwa basi. Nilimpa uji, akaupuliza akauacha. Akasema Jumanne ataanza na shina langu.

Nilipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Jumanne watu hawakwenda shamba la kijiji. Mwenyekiti aliwapa ruhusa, na ruhusa hiyo haikuwa rahisi kupatikana. Wanawake walifagia, mzee mmoja akavaa kanzu yake ya Idi. Tulikaa mpaka basi la jioni likapita bila kusimama. Kesho yake akaleta salamu kwa dereva kwamba ni Alhamisi. Alhamisi tukakaa tena. Vitunguu vyangu vilikosa zamu ya maji siku hiyo, majani yakageuka manjano kwenye ncha.

"Pengine fedha zimemzidi kusoma," alisema Mwanakheri, ameketi barazani kwangu anachambua mchicha. "Amepata kizunguzungu."

Nilimwambia anyamaze. Nilimtetea, Mungu anisamehe. Nilisema kijana ana mambo mengi.

Wiki iliyofuata nilipeleka magunia mawili ya vitunguu Mikumi. Pale barabarani ndipo wanaposimama madereva wa malori yaendayo Zambia, nao hununua bila kubishana sana. Nilitandika gunia langu ng'ambo ya barabara, nikapanga mafungu. Mbele yangu hasa ilikuwa gesti yenye veranda ya saruji, na kwenye veranda alikuwa Thadeo na kijana mwingine, mwenzake wa chuo.

Sikumwita. Sijui kwa nini sikumwita. Nadhani ni kwa sababu ya karatasi.

Meza yao ilikuwa na chupa nne za bia na sahani ya nyama, na kati ya chupa kulikuwa na rundo la fomu zile za kurasa nne. Mwenzake alikuwa anasoma swali kwa sauti, Thadeo anajibu, wanacheka, mwenzake anaandika. Walikuwa na kalamu tatu za wino tofauti. Wakimaliza fomu moja walibadilisha kalamu. Nilihesabu fomu sita kabla sijauza fungu la tatu.

Kisha Thadeo akashuka ngazi. Akainama kando ya ua, akachota udongo mwekundu kwa vidole, akarudi mezani akaanza kuupaka kwenye pembe za karatasi. Aliupaka kidogo kidogo, kwa uangalifu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Akaikunja fomu mara mbili, akaikunjua, akaitazama kwa mbali. Akaichukua nyingine. Vidole vilevile vikaenda kwenye sahani, vikachukua nyama, vikaingia kinywani.

Dereva mmoja aliniuliza bei ya fungu nikamtajia nusu ya bei. Nilijua udongo ule ni wa nini. Ulikuwa ni sisi. Kwake hiyo ndiyo alama ya karatasi iliyoshikwa na watu wa Malolo.

Niliuza kwa hasara, nikapanda gari la kurudi. Njiani nilisali, lakini sala haikutulia. Nilimwomba Mungu niwe nimeona vibaya.

Jumamosi, kama saa nne asubuhi, Thadeo akaingia kwangu na mkoba wake. Mwanakheri alikuwa ndani, amekuja kuazima chekecheke.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Shikamoo mama Mwanakheri."

"Marahaba, baba mwenye fedha. Leo umetukumbuka? Tulikusubiri siku mbili, mpaka mzee wetu wa kanzu akadhani anangoja kuulizwa na malaika wa kaburini."

Thadeo akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akakaa, akafungua mkoba, akaweka mezani fomu kumi na kalamu juu yake.

"Mama, mambo yamekwisha. Mabalozi wale watatu wametia saini jana. Bado wewe tu. Mwalimu wangu yuko Kilosa Jumatatu asubuhi, pale bomani, anapokea karatasi za wanafunzi wote wa mkoa huu. Asiyekamilisha siku hiyo amefutwa, na serikali inamdai gharama za mwaka mzima. Weka jina lako hapa chini, moja moja."

"Walisoma?"

"Nani?"

"Mabalozi wale watatu."

"Wasome nini, mama? Ni takwimu."

Nikavuta kiti. Nilichukua fomu ya juu nikaanza kusoma, nikifuata mstari kwa kidole kama tulivyofundishwa misheni. Ilikuwa ya Mwanakheri. Pembe zilikuwa nyekundu. Nilisoma kwa sauti: umri miaka sitini na mbili, watoto kumi na moja, hana akiba, fedha kidogo anazopata huzifukia kwenye shimo chini ya kitanda, anaogopa benki kwa sababu ya uchawi.

Mwanakheri akaliweka chekecheke chini.

"Miaka sitini na mbili," akasema. "Thadeo, mimi nina thelathini na tisa. Watoto ninao wanne. Hao saba uliwazaa wewe?"

"Ni makosa ya kuandika," Thadeo akasema.

"Na kitanda changu ni cha kamba, chini yake wanalala kuku. Nikifukia noti humo kuku watakuwa matajiri. Mimi nina mbuzi watano kwa kaka yangu, na nina kitabu cha posta tangu mwaka wa sabini. Ungeuliza ningekuonyesha."

Thadeo hakuandika. Nilimtazama nione kama mkono wake utaisogelea kalamu, kwa sababu mtu aliyekuja kutafuta kwa nini mkulima haweki akiba alikuwa ameambiwa hapo hapo kwamba mkulima anaweka. Alitazama saa yake.

Nikaendelea na ya pili, ya tatu. Kila nyumba ilikuwa na mlevi au mchawi, au mtu asiyejua kesho yake. Nilipofika ya saba niliona jina nikaacha kusoma kwa sauti.

Jina lilikuwa la Filipo.

Tarehe ilikuwa ya wiki ile. Mkuu wa kaya: yeye. Umri: hamsini na mitano. Dini: hana. Swali linasema, kama hukuweka akiba mwaka uliopita, fedha zako ulizitumia kwa jambo gani? Jibu: pombe ya kienyeji, zaidi ya nusu. Chini kulikuwa na nafasi ya maneno ya mhojiwa mwenyewe, na kwa wino wa kijani kumeandikwa: "Akiba ni ya Wahindi. Mimi nikipata leo nakunywa leo."

Nilikisoma kipande hicho mara tatu. Mwanakheri hakujua ninasoma nini, akasogea akachungulia begani kwangu. Hajui kusoma herufi hizi, lakini jina la Filipo analijua, maana limeandikwa kwenye msalaba wa kaburi. Akarudi nyuma, akakaa chini mkekani.

"Nani alijibu hii?" nikauliza.

"Mama."

"Thadeo, nauliza. Nani alijibu?"

"Jina liko kwenye daftari la kijiji," akasema. Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya mtu anayeeleza darasa. "Nyumba haiachwi, na anayejibu ni mkuu wa kaya kama alivyoandikwa. Ningeiacha, hesabu zote zingeharibika. Halafu walevi walikuwa hawatoshi. Nilihitaji kumi na nane kati ya nyumba arobaini ili hoja isimame, nikawa na kumi na saba. Nikaona nikimwandika jirani yeyote anaweza kusikia akaja kulalamika. Mjomba hawezi kudhurika, amekwisha kufa."

Alisema hivyo, neno kwa neno.

Nimeosha maiti za wanawake wengi, nimesafisha vidonda vyenye funza, na sikumbuki kupata kinyaa kama kile. Nilitazama vidole vyake juu ya meza yangu, vimekatwa kucha vizuri, nikaona sitaki viguse kikombe cha nyumba hii. Nikavuta kikombe changu karibu. Aliona.

"Usinitazame hivyo," akasema, na sasa utulivu ukamtoka kidogo. "Mbona kwenye daftari lenu yu hai? Mwaka mmoja na nusu amekufa, na kijiji kinamhesabu. Nani wa kwanza kusema uongo, mimi au nyinyi?"

Hapo alinipata, na nakiri. Kijiji hakiandikishwi kikiwa na kaya chini ya mia mbili na hamsini, na chetu kina mia mbili na hamsini na moja pamoja na waliokufa. Mwenyekiti alituomba mabalozi tusifute majina mpaka mambo yatulie, asije mtu wa wilayani akakataa kuihesabu kaya ya mjane. Nilikubali. Kila mwisho wa mwezi nimekuwa nikiliona jina la mume wangu kwenye orodha yangu nikalipita. Nilijiambia kwamba si kusema uongo, ni kutokusema.

"Daftari ni kosa langu," nikasema. "Nitakwenda kulitaja mwenyewe."

"Utaje kwa nani? Unataka kijiji kifutwe?"

"Hilo si lako. Lako ni hili hapa. Leo ni Jumamosi, watu wako nyumbani. Fomu tupu unazo?"

"Ninazo, lakini..."

"Nyumba kumi. Nitakutangulia mimi mlango kwa mlango, tutamaliza kabla ya jua kuzama. Kesho baada ya ibada tutakwenda kwa hao mabalozi wengine. Jumatatu utakuwa na karatasi za kweli za kumpa mwalimu wako. Mwanakheri huyu hapa, anza naye."

"Nianzie wapi," alisema Mwanakheri kutoka mkekani, "kwenye watoto wangu saba waliopotea?" Lakini hakucheka, na alikuwa amekwisha kukunja miguu vizuri kama mtu aliye tayari kuulizwa.

Nilimwombea Thadeo wakati ule. Nilimwombea kweli, macho yangu yakiwa wazi. Lilikuwa jambo la siku mbili tu. Filipo alimtolea miaka.

Thadeo akacheka kidogo puani.

"Mama, hujui mambo haya. Kitabu nimekwisha kukiandika. Kimepigwa taipu, kurasa mia na arobaini, na hoja yake ni kwamba mkulima haweki. Nikiuliza upya na majibu yakawa mengine nitakitupa chote. Na ya nini? Nani atakuja Malolo kuhakikisha? Nikimaliza napewa ukurugenzi, nakuwekea mabati nyumba hii, na kanisa pia nitaliwekea. Mjomba angependa hivyo."

"Usimtaje."

"Basi ondoa yake. Tia saini hizo tisa, ya mjomba nitaichana mbele yako."

"Na Mwanakheri abaki na miaka sitini na mbili?"

"Ni Mwanakheri tu, mama. Nani anamjua Mwanakheri?"

Alisema hivyo mwanamke mwenyewe ameketi hatua mbili kutoka kwake, mwanamke aliyempa maziwa ya mbuzi alipougua surua. Mwanakheri alitazama miguu yake.

Nikaisukuma kalamu upande wake wa meza.

"Siweki jina langu."

Thadeo aliitazama kalamu. Nilidhani anafikiri. Kisha akazivuta fomu kwake, akazipanga, akafungua kalamu, akaanza kuandika chini ya ile ya kwanza. Niliona anaandika jina langu. Aliliandika polepole, akiutetemesha mkono kwa makusudi, herufi zikipinda na kushuka chini ya mstari, kwa sababu ndivyo anavyodhani wajane wa shamba wanavyoandika. Mwandiko wangu ndio uliomwandikia barua zote alipokuwa sekondari. Hakuukumbuka.

"Mbona unamtetemesha mwenzio," akasema Mwanakheri kwa sauti ya chini, "ana homa?"

Thadeo akamaliza ya kwanza, akageuza, akaanza ya pili. Aliandika mbele yangu kama vile nilikwisha kutoka chumbani, au kama vile na mimi nimo kwenye daftari la waliokufa. Sikumshika mkono. Sikutaka kumgusa.

"Endelea," nikamwambia. "Andika zote kumi. Jumatatu nitapanda basi la kwanza, nitakuwa Kilosa bomani kabla hawajafungua milango. Nitamwomba mwalimu wako kipande cha karatasi, niandike jina langu mbele yake, alinganishe na haya. Nitamwambia na habari za daftari, na kwamba mimi nilikuwa najua. Nitamwambia nilikuona Mikumi ukipaka karatasi udongo. Halafu nitamwomba akupe siku mbili uje uwaulize watu. Akikataa, ni yeye na wewe."

Aliposikia neno Mikumi kalamu ilisimama. Alikuwa kwenye fomu ya saba, herufi ya kwanza ya jina langu imekwisha kuandikwa chini ya majibu ya Filipo. Akaniangalia. Nilimwona akinipima, kama nitakwenda au sitakwenda, kama nauli ninayo, kama mwanamke wa darasa la nne atapokelewa na mtu wa chuo kikuu. Nilimwacha anipime. Sikupepesa macho.

Akafunga kalamu. Akakusanya fomu zote kumi, akazigongagonga kwenye meza yangu mpaka kingo zikalingana, akazitia mkobani, akasimama akatoka. Nami nikaenda kuhesabu nauli ya Kilosa.